Pawa saplai ya kaka Dong-hyeok

Ye-rin, kompyuta imeungua. Pawa saplai, kile kifaa cha kuilisha umeme, imelipuka ikaua na diski, na kurasa za katuni nilizotakiwa kukabidhi kesho zimekwenda zote.

Ni ile aliyoniuzia kaka Dong-hyeok dukani kwake. Mimi nilichagua ya bei nafuu ya wati mia tano, yenye dhamana ya miaka mitano. Akanicheka. "Wati mia tano za nini, za kuchemshia chai? Chukua hii ya mia saba, wewe ni dada yangu."

Nimeipeleka kwa fundi Noh, kule soko la elektroniki la Yongsan. Hata hakuifungua. Alinishikisha hiyo iliyoungua, kisha akatoa rafuni nyingine kama ile niliyoitaka mimi, akanishikisha. Ya kaka nyepesi kama kopo tupu, Ye-rin. "Hiyo lebo ya wati mia saba ni karatasi tu, binti. Nani kakuuzia?"

Nikasema sikumbuki. Niliona haya.

Nikampigia kaka. Sikumtukana, nilimuuliza tu kama alijua. Akasema, "Zilikuwa zimenijaa dukani. Ningemuuzia nani mwingine?"

Nani mwingine. Kwa sauti ya kawaida kabisa.

Jumapili ni siku ya kuzaliwa ya mama. Tutakaa meza moja, nitamkatia kaka nyama, naye ataniita dada.