Mpelelezi wa Sufuria ya Pilau

Bagamoyo, Jumapili, 1956

Bado naona kama niliota. Mchana kutwa nilikuwa mpelelezi, nimevaa koti zito la sufu katikati ya soko, namtafuta mwizi wa sufuria ya pilau kwa kunusa mikono ya watu. Walicheka mpaka wakakaa chini. Rafiki yangu Salumu alikuwa nyuma ya kamera ya kuazima.

Bibi mmoja akanijia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nitafutie mwanangu Rajabu. Alikwenda Tanga kukata mkonge, hajarudi."

Nikaona haya. "Bibi, mimi karani tu. Huu ni mchezo, tunatengeneza sinema ya kuchekesha."

"Najua, baba. Itafika Tanga?"

"Inshallah," Salumu akajibu.

"Basi nipigeni picha. Akiniona atajua bado nipo."

Akajitanda kanga vizuri, akaitazama kamera. Salumu akampiga.

Jioni Salumu akasema atakikata kipande kile, kinaua kichekesho. Nikamwambia akikikata atafute mpelelezi mwingine. Akanuna. Nikaogopa sinema yetu imekufa.

Tulipofika njia panda akaniuliza jina la yule bibi, aliandike kwenye picha.

Mpelelezi mzima, sikumwuliza.