Mkungu Uliorudi Mkuyuni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mkuyuni tu wazima, ila mbuzi wa babu yako kamaliza mchicha wangu wote.

Unauliza kama siku mbili zinatosha kuona Bagamoyo, Pangani na Tanga. Jamani! Umemrithi babu yako. Tulipooana tulizunguka huko huko, mimi nimejitwika mkungu wa ndizi, maana kwetu huendi kwa watu mikono mitupu. Kila tulipokaribishwa ndani, yeye alijibu, "Tunapita tu." Magofu tuliyaona yote, mbio mbio.

Mkungu tukarudi nao nyumbani, umeiva hadi kuwa mweusi. Mama yangu akautazama, akauliza, "Kwani huko pwani hakuna watu?"



Bibi yako