Dakika Tatu za Mjomba Mbele ya Bodi

Mpwa wangu Zuhura,

Hii ni mara ya kumi na nne napiga simu Sugar Land, huko nje ya Houston, mama yako anapokea, ananiambia unaoga. Mtoto gani anaoga asubuhi, adhuhuri, alasiri na magharibi? Umekuwa kambale? Basi nakuandikia, na naandika hapa wazi, kwenye ukurasa unaosomwa na Waswahili wote kuanzia Haltom City mpaka Cedar Hill, kwa sababu nilichokosea nilikikosea mbele ya watu.

Kwanza nikukumbushe nani alikufikisha kwa Wakorea. Ni mimi. Ulikuwa unasoma uuguzi, huna gari, nakupitia chuoni na ile van ya kituo cha wazee cha Carrollton, ndani bibi kumi na mmoja wa Kikorea na dereva mmoja wa Tanga, mimi. Siku zile hakuna aliyezijua njia za Carrollton kama mimi. Polisi walikuwa wananisimamisha kuniuliza wapite wapi. Bibi wa kiti cha nyuma akawa anakuwekea yai la kuchemsha mfukoni mwa koti. Unakataa, anakuwekea la pili. Ukaninong'oneza, "Mjomba, mwambie nimeshiba." Nikamwambia kwa Kikorea, akakupa la tatu. Mpaka leo unasema nilikosea maneno. Sikukosea. Yule bibi alikuwa mkaidi.

Mjukuu wake ndiye Wakili Kang, na Wakili Kang ndiye aliyekualika kwenye staftahi yao ya Jumamosi, kile chumba cha nyuma cha duka la mikate. Mawakili, wahasibu, madaktari wa meno, wauguzi, Wakorea waliokulia hapa hapa Texas, wanakutana kutafutiana kazi na kupangana nani aende kuwasumbua wakubwa wa mji, kwa jambo gani, lini. Nilikuja nawe kwa sababu binti haendi kwa watu wageni bila mjomba. Wakaniuliza mwaka niliozaliwa kabla hata sijakaa. Nikawapenda papo hapo. Watu wanaotaka kujua nani amsalimie nani kwanza ni watu waliolelewa. Nikajiongezea miaka minane, nikapewa kiti cha mwisho wa meza, pale penye heshima. Wewe ukanitazama jicho la pembeni wiki nzima.

Na zile kadi zangu. Ndiyo, nilichapisha mia mbili, "Balozi wa Waswahili, Texas Kaskazini". Hukucheka peke yako, duka zima la chapa lilicheka. Lakini Wakili Kang aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mbele, akaigeuza akasoma nyuma ambako hakuna kitu, akaiweka mezani mbele yake mpaka staftahi ikaisha. Zuhura, mtu akiisoma kadi yako hivyo, unaanza kuona haya.

Nakubali, kazi uliifanya wewe. Miaka miwili ulibeba trei, ulipanga viti, uliwafundisha kuweka alama kwenye sahani zisizo na nguruwe. Ukawaambia kwamba hospitali ya umma ina wakalimani wa simu wa Kikorea na wa lugha nyingine, lakini Kiswahili hakipo kwenye orodha, na kwamba mama yako nusura afe kwa sababu hiyo. Yule mhasibu mnene akasema hilo si jambo la Wakorea. Wakili Kang akamjibu kwa upole, "Mwaka jana tulienda peke yetu kuomba wakalimani zaidi. Wakasema ni jambo la Wakorea tu. Safari hii tuende na dada Zuhura." Wakakubaliana: mbele ya bodi ya hospitali Wakili Kang ataongea dakika tatu, Mswahili mmoja ataongea dakika tatu, wengine arobaini watasimama kimya na utepe wa bluu kifuani. Na Mswahili mwenyewe ni mimi, kwa kuwa nilikuwa hospitali na mama yako siku ile, na wewe ulikuwa kwenye mtihani.

Unakumbuka mazoezi? Nilisema dakika kumi na moja na saa ya jikoni ikalia mara tatu.

"Uncle," akasema Wakili Kang, "bado hujafika hospitali."

"Nimefika kwenye maegesho."

"Mjomba, kata ile ya ndege," ukasema wewe.

"Nikikata ya ndege watajuaje nilikuja na nini?"

Mkacheka wote, hata mhasibu. Kang akaniambia, "Sema kilichotokea tu. Kikiwa kidogo, kiache kidogo." Nikamwambia sawa. Mimi watu wananilipia chai nisimulie, halafu nafundishwa kusimulia na mtoto wa juzi.

Sasa siku yenyewe. Nimechoka kuona watu wanainong'ona vibaya kwenye harusi, kwa hiyo naiandika. Wakili Kang alisimama, akasema alipokuwa na miaka kumi alimtafsiria baba yake hospitalini. Daktari alisema kansa, imeenea. Yeye akamwambia baba yake kwamba daktari anasema atapona. Baba akarudi nyumbani anafurahi, akakopa ng'ombe wa watu, hapana, hiyo ya ng'ombe nimeongeza mimi, alipanga mambo ya miaka ishirini, na miezi minne baadaye hayupo. "Nilikosea mimi," akasema. "Nilikuwa mtoto na hapakuwa na mtu mwingine." Akakaa. Hakulia.

Halafu wakataja jina langu.

Kilichotoka mdomoni mwangu unakijua. Nilisema nawakilisha Waswahili elfu thelathini. Nilisema madaktari walimpasua dada yangu upande usiotakiwa, kwamba alikaa siku tisa amefunikwa shuka usoni, na mimi ndiye niliyeona kidole kinacheza nikapiga kelele. Yule mjumbe wa bodi mwenye miwani akasubiri nimalize, akauliza kwa adabu kabisa: lini hiyo, jina la mgonjwa nani, ili tulitafute faili. Nikasema nimesahau tarehe. Akauliza kama nimesahau na jina la dada yangu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Wale Wakorea arobaini waliendelea kusimama na tepe zao mpaka mwisho kama hawakusikia kitu, na Wakili Kang akaniletea maji. Bodi ikasema ombi litarudi pale ushahidi utakapohakikiwa. Ombi lote, na la Kikorea ndani yake.

Kwenye maegesho uliniambia maneno matatu tu, "Mjomba, miaka miwili." Ukaingia garini, ukaenda Houston kwa mama yako, na tangu hapo unaoga.

Nilikasirika, nisikufiche. Nilisema huyu mtoto nimemlea kwa van, leo ananinunia kwa chumvi kidogo. Chumvi nimetia maisha yangu yote na hakuna aliyekufa. Nikakaa na hiyo sentensi, mpwa wangu, na haikunikalia vizuri.

Wiki iliyopita Wakili Kang kanipigia. Sijui watu hawa wameumbwaje. Angenitukana ningejua la kujibu. Akasema kuna kikao kingine mwezi ujao, jina langu bado lipo, dakika tatu zile zile. Nikamuuliza kwa nini asimchukue mtu mwingine. Akasema, "Kwa sababu wewe ndiye uliyekuwepo."

Haya. Nilikuwepo.

Pale mapokezi muuguzi alitafuta Kiswahili kwenye orodha yake, hakukiona. Akaniuliza kama naweza kumtafsiria dada. Nikamwambia nimewahi kumtafsiria balozi. Akasema Kiingereza changu kizuri sana. Hapo ndipo nilipofungwa, kwa sababu baada ya sifa ile sikuweza tena kumwambia mtu yeyote kwamba sijaelewa. Daktari akaja, akaongea sentensi ndefu kama barabara ya kwenda El Paso. Nilishika maneno manne. Mama yako akanivuta mkono, akasema, "Waambie kuhusu vile vidonge vyangu vya kufanya damu iwe nyepesi." Sikujua vinaitwaje kwa Kiingereza. Ningeweza kusema naomba mnisubiri. Ningeweza kukupigia simu. Ningeweza kumwambia atoe kichupa kwenye mkoba, kilikuwa mle mle ndani, Zuhura, kwenye mkoba niliokuwa nimeupakata. Daktari akauliza tena, safari hii pole pole, kama anatumia dawa yoyote. Hilo nililielewa. Nikasema hapana. Mama yako akauliza, "Umeshawaambia?" Nikamwambia nimeshawaambia.

Wakampasua upande ule ule uliotakiwa. Hawakukosea kitu. Damu ndiyo haikusimama.

Ulipofika usiku ule na sare yako ya chuo, ulisimama kwenye korido ukauliza nani aliwaambia mama hatumii dawa. Nikasema madaktari wa hapa hawasikilizi watu weusi. Ukaniamini. Ukaenda kwa Wakorea na hasira hiyo, ukabeba trei miaka miwili. Na pale kwenye kikao, Kang aliposema alikosea akiwa na miaka kumi, mimi nilihesabu yangu. Nilikuwa na hamsini na moja. Ndiyo maana nilikimbilia shuka na kidole. Ile ya kweli ni fupi, na nilikuwa naiona inanijia.

Kwa hiyo mwezi ujao nitawaambia bodi hivi hivi, na tarehe, na jina la dada yangu, na faili walitafute. Wakili Kang anasema hiyo ndiyo sababu hasa ya kuweka mkalimani, ili mtu kama mimi asiombwe. Labda ombi litapita, labda halitapita. Mama yako nilimuuliza jana kama anakumbuka alichoniuliza siku ile. Akasema, "Nakumbuka." Halafu akaniuliza kama nimekula. Miaka yote hii alikuwa anajua, na kila nikipiga anasingizia unaoga ili usije ukaniuliza.

Sikuombi upokee. Kasirika, ila ikasirikie ile ya kweli, hii ya kikao ilikuwa ndogo. Na siku yoyote ukitaka kuuliza tena lile swali la kwenye korido, usiwaulize tena madaktari. Jibu lake lina jina, na umelijua tangu uko tumboni.

Nakuombea kheri wewe na mama yako,

Mjomba wako, kaka wa pekee wa mama yako