Mama Mkwe na Sindano Niliyomnunulia

Mwenzangu, acha unachofanya usome hapa!

Leo alfajiri, giza bado, nikasikia kandambili ukumbini: pa, pa, pa. Kumbe mama mkwe, anatembea huku na huko peke yake. Namwuliza kulikoni, ananiambia, "Lala, mwanangu."

Si unajua leo ndiyo ilikuwa ile ultrasaundi yake, ya kuutazama moyo ukiwa unaenda mbio? Tukafika hospitali, mimi, yeye na mwanangu mdogo. Keshia akaniuliza, "Mgonjwa ataweza kutembea kwenye mashine?" Mimi na huruma zangu nikadakia, "Hawezi kabisa!"

Akanitajia bei. Nikamwomba arudie! Eti asiyeweza kutembea huchomwa sindano ya kuukimbiza moyo, na kwa sindano hiyo bei inakuwa mara mbili. Nikalipa akiba yetu yote, pamoja na ada yangu ya masomo ya jioni.

Mama mkwe akaisoma risiti. Mwenzangu! "Nani kasema siwezi? Nimefanya mazoezi tangu alfajiri! Sindano umeninunulia ya nini, mkamwana?"

Akapanda mashine. Katembea, katembea, mpaka daktari akasema, "Mama, inatosha." Akamjibu, "Bado!"

Moyo hauna tatizo! HAUNA TATIZO, unasikia? Na nusu ya pesa wamenirudishia palepale.

Basi nikaangua kilio mbele ya foleni nzima. Watu wakaanza kunipa pole, wakidhani nimefiwa. Mwanangu akawageukia, akawaambia kwa sauti, "Bibi ni mzima."