Oili ya Gari Ndani ya Pikipiki

Mjukuu wangu Kibet,

Nakusalimu kutoka Kapseret. Nyanya yako bado anakohoa, na mvua imeozesha mahindi shambani. Sina habari njema ya kukutumia huko Mombasa.

Unauliza kama unaweza kutia pikipiki yako oili iliyobaki ya gari. Usitie. Nikiwa kijana nilitia, ingawa fundi alinionya kwamba klachi ya pikipiki hukaa ndani ya oili ya injini, na oili ya gari yaweza kuifanya iteleze. Wiki hiyo ndugu yangu Kiprop alizidiwa, nikambeba kwenda hospitali. Tulipofika mlimani, injini ilinguruma lakini pikipiki haikupanda. Nikashuka, nikaisukuma naye akiwa juu, amenilalia begani.

"Pumzika kidogo, Barnaba," akaniambia. "Mimi sina haraka."

Hatukufika.

Dizeli ina oili yake, petroli ina yake, pikipiki ina yake. Nimeyajua hayo miaka yote na hayajanisaidia kitu. Mama yetu alikufa akiamini ni ugonjwa tu uliomchukua mtoto wake. Sikuwahi kumwambia. Wewe ndiye wa kwanza.

Ni mimi babu yako,
Barnaba