Macho Niliyoyaficha Ofisini

Rusimbi, Kigoma

Baba yangu,

Shikamoo. Shikamoo na Mama, najua yuko hapo karibu anachambua mchicha huku masikio yote kwenye barua. Shabani, mdogo wangu, wewe unayesoma, marahaba kabla hata hujaniamkia. Soma taratibu, Baba hapendi kukimbizwa. Mimi mzima. Vipi mgongo, Baba? Na ile dawa ya matone unatiwa kila siku, au mpaka Mama agombe?

Mtashangaa barua ya karatasi wakati simu ninayo. Nimeambiwa nikitoka kazini niyapumzishe macho, nisitoke kwenye kioo kikubwa nikaingia kwenye kioo kidogo. Hapo Mama ameshashika kichwa. Tulia kwanza Mama, nakuja.

Kazi yangu mnaijua: kutoa majalada ya zamani ya viwanja kabatini na kuyaingiza kwenye kompyuta, jina kwa jina, namba kwa namba. Mkataba ni wa miezi michache, na kila mmoja anaangaliwa kama anafaa kubakizwa. Mwezi wa pili tu macho yakaanza kuwaka kama nimekata vitunguu gunia zima. Yanakauka, herufi zinacheza, kichwa kinagonga hapa juu ya nyusi. Baba, nikajua moja kwa moja kwamba ni ile presha ya macho iliyokuzimia taa wewe. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mwenye macho mabovu nani atamwachia majalada?

Nikaanza kujitibu kichwakichwa. Dirisha letu linatazama ziwa, na mchana jua la majini linapiga kwenye kioo cha kompyuta mpaka unaona sura yako badala ya maandishi. Nikatundika kanga dirishani, chumba kikawa giza, halafu nikaongeza mwanga wa kompyuta mpaka mwisho. Wenzangu wakaniuliza kama naangalia sinema. Nikanunua na miwani kwa mchuuzi pale Kibirizi, nikachagua ile iliyokuza maandishi kuliko zote. Weee! Siku ya tatu nilitapika.

Kisha ikaja aibu yenyewe. Mzee mmoja katoka Ilagala kufuatilia kiwanja chake, kompyuta inasema ni cha jirani yake, ambaye wamegombana mpaka hawazikani. Mimi ndiye niliyechanganya mistari. Mzee alipiga kelele ofisi nzima ikasimama. Bosi akanitazama, akasema, "Zaina, ama useme una nini, ama nikutoe kwenye kazi hii." Nikalia mbele yake, Baba. Nikasema yote. Akanipa ruhusa niende hospitali siku ileile.

Kwenye foleni sikukaa. Nasimama, natoka nje, narudi, mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimeshikwa na uchungu. Daktari wa macho ni binti mdogo kuliko mimi, anaongea haraka haraka. Akapima ile presha. "Haijapanda. Macho yako yamechoka tu." Nikamwambia apime tena. Akapima tena, anacheka.

Akasema nikikodolea kompyuta nasahau kupepesa, ndiyo maana yanakauka, basi nipepese kwa makusudi. Kila baada ya dakika ishirini niinue kichwa nitazame mbali, si ukutani, mbali kweli, nihesabu mpaka ishirini. Kompyuta ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, chini kidogo ya usawa wa macho, na dirisha liwe ubavuni kwangu. Mwanga wa kompyuta ulingane na wa chumba. Kanga nimeshaiteremsha. Ile miwani aliichukua, sijui kaitupa wapi.

Nilipomsimulia mwenye nyumba wangu, Mama Tatu, anayeanika dagaa Kibirizi, alinicheka. "Ego!" akaitikia kwa Kiha chake. "Na hilo mpaka hospitali? Mimi nikiinamia dagaa tu bila kutazama milima ya Kongo, mvua si itaniloweshea mzigo wote?" Nikaenda kuwatazama yeye na wenzake. Kweli, wale akina mama wanachambua, mara kichwa juu, macho ng'ambo ya ziwa kukagua wingu, wanarudi kwenye dagaa. Sasa na mimi ofisini nachungulia Kongo kama nina dagaa juani. Maumivu yamepungua, sisemi yameisha. Bosi bado anapita mgongoni kwangu kukagua.

Lakini kinachoninyima raha si hicho. Daktari aliniuliza nani nyumbani ana presha ya macho, nikakutaja. Akasema ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Mara nyingi hauumi wala hauwashi, unakula kimyakimya kutoka pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Kwa hiyo watoto wako wote tupimwe, hata asiyeumwa. Baba, ulikuwa unalalamika kwenye cherehani kwamba uzi wa siku hizi mbovu, tukawa tunacheka. Kumbe ulikuwa unatuficha. Nilikukasirikia sana kwa hilo. Sasa sikulaumu, maana nami nimefanya vilevile, kwa woga uleule.

Msalimieni shangazi Mwanahawa, mwambieni kitenge chake nimeshakipata. Fundi Hamisi aliyerithi cherehani yako naye nampa salamu, na bibi wa jirani anayemletea Mama maziwa.

Shabani, hapa usipunguze hata neno, msomee Baba kama lilivyo. Nilipokuja Idi nilikuona unapapasa kikombe kilichokuwa pembeni yako tu. Mlangoni uligonga bega mara mbili, ukasema ni usingizi. Nikanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakonitesa mpaka leo. Wewe unaendesha bodaboda, mdogo wangu, unabeba watoto wa watu.

Baba, uso wake huuoni, ila sauti yake unaisikia hivi sasa. Mshike mkono. Usimwachie mpaka akwambie kweli, na kesho muende hospitali wote wawili.

Mwanao,
Zaina