Mgonjwa wa Pili

Dada yangu,

Natumaini watoto hawajambo. Huku paka amezalia juu ya gauni lako la harusi, usinifokee, nimeshalifua.

Mimi bado naandika daftari la wagonjwa pale zahanati. Ziwa limekuwa kijani kama rangi ya ukutani, mwani umefika mpaka kwenye bomba letu, na watu wanatapika. Mkuu wangu hafungi bomba mpaka waugue wawili wa nyumba moja. Mmoja, anasema, huenda kala kiporo. Lakini akiugua mmoja, wenzake wanashtuka wanaacha yale maji, basi wa pili hapatikani. Na nimekatazwa kumwambia mtu yeyote kabla ya tangazo.

Hata mama sikumwambia.

Jumanne waliniletea mama. Nikamwandika kwa mkono wangu: nyumba yetu, mgonjwa wa kwanza. Usilie, jana alikuwa na nguvu za kumgombeza nesi.

Unajua nyumba ile tunaishi wawili tu. Leo mchana nimejaza maji ya bomba kwenye kikombe cha bati cha mama, nikanywa yote.

Usije na watoto. Tumbo limeanza kunikata, naishia hapa. Kesho watafunga bomba.

Mdogo wako